Chupa ya Bibi Usingizi

Ghala la kemikali la chuo kimoja mjini Rajshahi lilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja dogo. Hata jua la utosi likiwaka, humo ndani ungedhani ni alfajiri. Kulikuwa na harufu tamu, tamu ya kuchefua, iliyomlegeza mtu magoti. Wanafunzi waliapa kwamba ukikaa humo dakika kumi utaitwa kwa jina lako na mtu usiyemwona. Tangu mzee Kobad, mtunza ghala, aiage dunia, hakuna aliyethubutu kuingia peke yake isipokuwa mwanawe Lutfor, aliyerithi funguo na kazi.

Mzee Kobad hakujua kusoma. Chupa zake alizipa majina ya kubuni: hii Shemeji, ile Mkwe Mkali, na ile kubwa ya rangi ya kahawia pale kwenye kona, Bibi Usingizi. Walimu na shahada zao nao wakafuata mkumbo. Mehjabin, mwalimu wa kemia ya kaboni, kila mwaka aliwapigia meza wanafunzi wake akiwaambia kwamba kitu kisichojulikana jina lake kamili hakiguswi. Yeye mwenyewe, kwa miaka mitatu, alikuwa akiipita chupa ile na kucheka, "Hujambo, Bibi Usingizi?" Mkuki kwa nguruwe mtamu!

Asubuhi ya arobaini ya mzee, Lutfor alimjia amevaa kanzu nyeupe, macho mekundu kama pilipili.

"Dada Mehjabin, baba yumo ndani ya chupa."

"We Lutfor! Hebu niache. Umelala kweli wewe?"

"Njoo uone mwenyewe. Ndevu zake zinaota."

Wakaenda. Chini ya kizibo, ndani ya shingo ya chupa, nyuzi nyeupe nyembamba zilikuwa zimeota zikining'inia, kweli kama ndevu. Mehjabin akarudi hatua moja nyuma.

"Wiki iliyopita zilikuwa fupi," Lutfor alinong'ona. "Na kila nikiingia ananiita. Leo, baada ya adhuhuri, namfungulia atoke apumzike. Mama nimeshamwambia."

"Usiiguse mpaka nijue ni kitu gani!"

"Miaka mitatu hukujua, dada. Ndiyo utajua leo?"

Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli.

Kwenye lebo iliyochakaa hakukuwa na neno hata moja. Kulikuwa na mchoro tu, ambao mzee aliunakili zamani kwa mkono wake kutoka lebo ya kwanza: manati mbili zilizoelekezana mipini, na kiduara katikati. Mehjabin aliuchora kwenye karatasi, akajifungia ofisini kwake.

Akahesabu kama alivyozoea kuwafundisha wengine. Kila ncha ni kaboni, na kila panda ni kaboni. Manati ya kushoto ina ncha mbili na panda moja: kaboni tatu, hiyo ni propani. Imeshikwa wapi? Katikati, kaboni ya pili, uhesabie upande wowote. Ya kulia vivyo hivyo. Na kiduara ni oksijeni iliyoziunganisha, basi hii ni jamaa ya etha. Akaliandika jina polepole, tawi kwanza, mkia mwisho: 2-(propani-2-iloksi)propani.

Kalamu ikamdondoka. Etha ya namna hii, ikikaa miaka mingi na kuingiwa na hewa, huota fuwele nyeupe, na fuwele hizo hulipuka kwa msuguano mdogo tu, hata wa kuzungusha kizibo. Nje, watu walikuwa wakitoka msikitini.

Alikimbia bila viatu. Alimkuta Lutfor amepiga magoti, machozi yanamtiririka, mkono uko kwenye kizibo.

"Usizungushe! Utakufa!"

"Ananiita, dada. Humsikii?"

Naam, Mehjabin alimsikia. Katika harufu ile tamu, sauti nzito ya mzee ilitamka jina lake yeye, mara mbili. Akaushika ukuta.

"Hiyo ni etha, Lutfor. Jina lake ninalo hapa. Inamlevya kila anayeivuta. Na hizo si ndevu, ni fuwele. Zikisuguliwa kidogo tu, mimi na wewe hatubaki. Hebu niambie, mzee aliwahi kuifungua?"

Lutfor aliitazama chupa. "Hapana. Miaka saba hakuigusa. Alikuwa anaipita kwa mbali, anaitolea salamu."

"Basi aliiogopa! Na wewe leo unataka kumfanyia jambo ambalo yeye mwenyewe hakuthubutu?"

Kidole kimoja kimoja, Lutfor alikiachia kizibo.

Kesho yake wataalamu wa mabomu waliipeleka chupa ile kwenye mchanga wa mto Padma, wakailipua. Madirisha ya mtaa mzima yalitetemeka. Mchangani likabaki shimo la kumtosha mtu kuzikwa. Lutfor alilitazama, akaangua kilio.

"Ningemwachia mama arobaini nyingine," alisema.

Upepo ulikuwa ukivuma kwenda mtoni, lakini harufu ile tamu iliwafikia pale waliposimama, na hakuna aliyetaka kuuliza imepitia wapi. Miaka mitatu Mehjabin alitembea kando ya kifo akikisalimia kwa utani, na ilimtosha kuhesabu kaboni sita ili akione. Wahenga hawakukosea: usilolijua ni kama usiku wa giza.