Nani Atatembea na Rubani?

Hapo zamani, na wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mji wenye kiwanda cha magunia, na kiwanda kilikuwa na timu ya mpira. Timu iliitwa Katani. Katani walikuwa na kiungo wao, Zahoro Kilindo, ambaye hakuna aliyemwita Zahoro isipokuwa mama yake mzazi. Watu walimwita Rubani. Mpira ulikuwa hauendi popote mpaka upite kwake. Akiinua mkono wa kulia, winga anakimbia. Akiinua wa kushoto, mabeki wanapanda. Akiweka mikono kiunoni, wote wanajua kwamba sasa watulie, wamwachie mwenyewe.

Rubani alikuwa na mke, Mwanaidi, muuza vitumbua sokoni. Hadithi hii ni ya Rubani, lakini hofu iliyomo ni ya Mwanaidi, basi twendeni naye huyo.

Ikafika wiki ya mechi ya Katani na timu ya Sukari. Mshindi anapanda ligi kuu, aliyeshindwa anabaki palepale kula vumbi. Mji mzima ulikuwa roho juu. Jumanne, mazoezini, Rubani akagongana kichwa na beki wa timu yake mwenyewe. Akarudi nyumbani kwa miguu yake, akaketi barazani, akaomba chai. Mwanaidi akampa. Akainywa yote, akaweka kikombe chini, akaomba chai.

"Si umekunywa sasa hivi, baba Salha?"

"Nani amekunywa?"

Kisha akaenda nyuma ya jiko akatapika. Aliporudi akamshika mkewe mkono. "Mama Salha, usimwambie mtu. Wakijua, Jumamosi naketi benchi, na wale watu wa klabu ya Uarabuni wanakuja kuniangalia mimi."

Mwanaidi alitaka kumwambia usicheze. Akaona macho ya mumewe yalivyokuwa yakimwomba, akaogopa, akanyamaza. Ijumaa akamfulia bukta na kuianika juani.

Jumamosi ikafika. Sasa mnajua, kila timu ilikuwa na kamati ya ufundi, na msinitake nieleze ufundi wenyewe ni upi. Mkuu wa kamati ya Katani alikuwa Mzee Pazi, mtu wa kofia ya kitambaa na maneno machache. Asubuhi hiyo Mzee Pazi akapata habari kwamba Sukari wamemwaga dawa ya mganga kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akatoa amri: hakuna kupita getini, hakuna kukanyaga chumba kile, hata kwa haja ndogo. Basi Katani wakavaa jezi ndani ya basi, wakaruka ukuta wa nyuma ya uwanja mmoja mmoja kama wezi wa kuku, watu wazima wenye wake na watoto. Mashabiki wakashangilia. Mwanaidi, aliyekuwa jukwaani na mtoto Salha mgongoni, hakushangilia.

Kabla ya mapumziko ikapigwa kona. Rubani akaruka, na beki wa Sukari akaruka. Mlio wa vichwa viwili ulisikika mpaka jukwaani. Beki alilala, akatolewa nje. Rubani akainuka. Akapewa mpira, na Rubani yule yule aliyejua kila kona ya uwanja ule akampasia mtu wa Sukari. Akapewa tena, akampasia tena mtu wa Sukari. Watu wakadhani ni mbinu. Mwanaidi akajua si mbinu. Angeweza kushuka jukwaani akamshika daktari mkono. Akaogopa, akanyamaza.

Wakati wa mapumziko daktari wa timu, Dokta Kasiano, akasema, "Huyu nampeleka chumbani. Nataka alale kitandani, pawe na giza, nimmulike macho kwa tochi."

Mzee Pazi akasimama mbele yake. "Chumba kile mtu wangu haingii. Akiingia mle hatoki mzima. Mpime hapa hapa."

Basi akapimwa hapo hapo, katikati ya uwanja, jua la saa kumi likimwakia usoni, timu nzima imemzunguka. Nyuma yake alikuwa amechuchumaa kipa, Chande, rafiki yake tangu utoto, akimmwagia maji kichwani.

"Rubani, leo siku gani?" daktari akauliza.

"Jumamosi," Chande akanong'ona.

"Jumamosi," akasema Rubani.

"Tunacheza na nani?"

"Sukari," Chande akanong'ona.

"Sukari," akasema Rubani.

"Nani anaongoza?"

"Bado hakuna bao," Chande akanong'ona, na Rubani akasema bado hakuna bao.

Daktari alikuwa na masikio. Alisikia kila kitu. Lakini uwanja ulikuwa ukiimba jina la Rubani, meneja wa kiwanda alikuwa ameketi pale mbele na miwani yake ya jua, na wachezaji wote walimtazama daktari kama anayetaka kuwaulia baba yao. Akasema, "Yuko sawa." Akafunga mkoba.

Kipindi cha pili Rubani akatoa pasi ambayo mpaka leo wazee wa mji ule wakiisimulia wanasimama na kuonyesha kwa mguu. Winga akafunga. Katani wakapanda. Watu wakabebana mabegani, na jioni majirani wakajaa kwa Rubani kumsimulia pasi yake, naye akacheka kwa furaha, anauliza, "Kisha ikawaje?" Wakaona ni unyenyekevu. Mwanaidi aliyekuwa akiwagawia chai akamtazama mumewe, na chai ikafurika kwenye kisahani.

Wale wa Uarabuni wakamchukua. Rubani akacheza soka la kulipwa miaka mingi, akavaa jezi ya taifa, akajenga nyumba ya bati jekundu, akasomesha Salha. Na kila msimu kichwa kiligongwa, na kila alipogongwa alimwambia mkewe kwa simu, "Si kitu, mama Salha. Si unakumbuka ile ya Katani? Niliinuka nikacheza." Akastaafu, akarudi nyumbani na masanduku, mji ukampokea kwa ngoma.

Kisha mambo yakaanza polepole. Akaweka chumvi kwenye chai. Akamwita Mwanaidi dada. Akatoka kwenda kunyoa, akaonekana kituo cha reli akimngoja mama yake, ambaye alikuwa ameshafariki. Siku moja akamwinulia Mwanaidi ngumi kwa sababu hamjui ni mwanamke gani huyu jikoni kwake, kisha akamtambua, akalia kama mtoto. Dokta Kasiano, sasa mwenye mvi, alipoitwa akasema maneno aliyokuwa akiogopa kuyasema: kichwa kikigongwa kabla hakijapona pigo la kwanza, kinaumia pasipoonekana, na lile la mechi ya Sukari ndilo lililofungua njia. Hakuna dawa. Kuna kumwangalia tu, mchana kutwa, asipotee.

Mwanaidi akaishi na hofu mbili. Ya kwanza kila mtu aliijua: mlango ukilia, anaruka. Ya pili hakumwambia mtu. Rubani alikuwa akisahau vya jana na kukumbuka vya kale, tena kwa ufasaha, mbele ya wageni, na Mwanaidi kila akimsikia anaanza, "Unakumbuka, mama Salha," anadhani leo ataitaja ile Jumanne.

Klabu ya Katani ikaamua kusaidia. Wakapanga zamu: leo Mzee Pazi atembee naye, kesho Chande, keshokutwa daktari. Ikaenda vizuri mpaka siku moja Mwanaidi alipokwenda msibani. Rubani aliachwa na mjukuu, Nunuu, binti wa Salha, mtoto asiyejua bado kufunga viatu. Pazi alidhani ni zamu ya Chande. Chande alidhani ni ya daktari. Daktari alidhani ni ya Pazi. Hakuna aliyekwenda.

Mwanaidi akarudi, akakuta mlango uko wazi na nyumba haina mtu.

Jamani, mwanamke yule alikimbia. Aliacha viatu, aliacha mtandio, akaita mpaka sauti ikakauka. Akamkuta Rubani uwanjani, peke yake, amesimama katikati akiinua mkono wa kulia kumwita winga ambaye hayupo. "Baba Salha, mtoto yuko wapi?" Rubani akamtazama. "Mtoto gani?" Nyuma ya uwanja kuna bwawa la maji machafu ya kiwanda, meusi, mazito, kina chake hakijulikani. Huko ndiko alikokwenda Mwanaidi, akijisemea tu ya Rabi, ya Rabi. Nunuu alikuwa ameketi ukingoni, miguu imeshaingia majini, anachota tope kwa kopo. Mwanaidi hakumwita, aliogopa ageuke ateleze. Akatambaa kwa magoti mpaka akamshika gauni.

Mtoto alipona. Lakini Salha alikuja siku hiyo hiyo akamchukua mwanawe, na majirani wakasema lililokuwa likisemwa chinichini: Rubani afungiwe chumbani, kwa kufuli, kama wanavyofungiwa wengine. Rubani alisikia. Akamshika mkewe kanga. "Usinifungie, mama Salha. Mle ndani mimi nitakufa." Na Mwanaidi aliona kwamba ni kweli.

Basi klabu ikakaa kikao. Mwenyekiti wake, Bi Shangwe, mama asiyejua kupamba maneno, akaweka kufuli mezani. "Zamu tumeijaribu, imetaka kumzika mtoto," akasema. "Anatakiwa mtu mmoja, aache kazi zake, atembee na Rubani mpaka Mungu atakapoamua. Asipopatikana leo, kufuli hili linakwenda kwake. Mwanaidi, useme kwanza."

Mwanaidi akasimama. "Mzee Pazi alimkataza daktari chumba. Chande alimpa majibu. Daktari alisikia, akasema yuko sawa. Mmoja wao amchukue. Mimi nikiacha vitumbua, huyo atakayelindwa atakula nini?"

Mzee Pazi akavua kofia. "Nilimkataza chumba kwa kuwa nilimpenda. Nilijua chumba kina ubaya. Mkinicheka leo, siku ile hata mmoja wenu hakucheka, wote mliruka ukuta pamoja nami. Isitoshe, mimi mwenyewe natembelea mkongojo."

Chande hakusimama. "Mimi nilinong'ona, sikatai. Angetolewa, Uarabuni asingeiona, na bati jekundu lile lisingekuwepo. Nilimpa maisha yake. Kama nilimpa na ugonjwa, basi nilimpa vyote viwili, na sijui mnidai kipi."

Daktari akasema, "Hawa hawakusomea. Mimi nilisomea, na nilisikia. Kosa ni langu. Lakini zahanati ina daktari mmoja tu. Nikitembea na Rubani, niambieni kina mama wanaojifungua nitawaacha na nani."

Bi Shangwe akamgeukia Rubani, ambaye muda wote huo alikuwa akimenya karanga na kuzipanga mezani, kumi na moja upande huu na kumi na moja upande ule. "Rubani, wewe mwenyewe unamtaka nani?"

Siku hiyo akili ilikuwa imemrudia kidogo. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayetafuta wa kumpa pasi.

"Nipeni yule aliyenikataza nisicheze," akasema.

Pazi akamtazama Chande. Chande akamtazama daktari. Daktari akatazama chini. Hofu aliyoilea Mwanaidi miaka yote ile ilikuwa imekaa mbele yake, inamenya karanga, na wala haikumtaja.

Akasimama tena. Akawaambia habari ya Jumanne, ya chai, ya kutapika, ya mkono alioshikwa. "Hawa walikuwa na muda wa mapumziko tu wa kufikiri," akasema. "Mimi nilikuwa na Jumatano, na Alhamisi, na Ijumaa. Nilimfulia bukta. Nipeni mimi, na tukilala njaa tutalala."

Pazi akasema mtu aliyeficha jambo lile miaka yote hakabidhiwi roho ya mtu. Chande akasema la, aliyeombwa na mumewe akamtii hana kosa, kosa ni la Rubani mwenyewe aliyemwomba. Daktari akasema mgonjwa hahukumiwi. Wakaanza kupandishiana sauti, kila mmoja amesimama, kila mmoja ananyoosha kidole, na Bi Shangwe anagonga meza mpaka karanga zikamwagika chini.

Sasa nyinyi mlioketi hapa mkinisikiliza, msitazamane. Yupo aliyekataza chumba, yupo aliyenong'ona, yupo aliyesikia, na yupo aliyejua kabla ya wote. Kufuli lingali mezani. Na wao wakiwa bado wanagombana, Rubani ameshainuka kwenye kiti, ameshapita mlangoni, anaelekea upande wa bwawa, na hakuna aliyemshika mkono. Je, nani alistahili kumfuata?