Sauti ya Gitaa la Kobelo

Sogeeni, na anayetaka kucheka akachekee kwao. Leo sina paukwa wala pakawa. Nina ugomvi, nimeubeba tangu Kimamba mpaka hapa, na sijapata wa kunitua.

Palikuwa na watu watatu. Fundi Mkude alisuka waya za mota za pampu. Ukimpelekea asubuhi mota iliyoungua mpaka inanuka, jioni inazunguka. Wa pili, jina lake Sikudhani, alitengeneza redio, na mkono wake ukishika chuma cha lehemu hautetemeki hata umpigie kelele sikioni. Zakia hakuwa fundi wa chochote. Aliimba kiitikio kwenye bendi ya Mzee Kobelo miaka ishirini, na kwa sikio lake alijua nati ipi ya baiskeli imelegea kabla hujashuka. Mimi nilikuwa napiga tumba kwenye bendi hiyohiyo, kwa hiyo msiseme nimesimuliwa.

Mzee Kobelo alifariki wakati wa masika. Siku zile za msiba watu walijaa uani, na hakuna hata mmoja aliyetazama chumbani paa linavujia wapi. Lilikuwa linavujia juu ya gitaa lake la umeme. Watu wazima tumekaa tunakula wali, gitaa linaoga mvua! Mpaka leo nikikumbuka nasikia moto kifuani. Tulipolichomeka kwenye amplifaya, kimya. Pikapu zake mbili zilikuwa zimekufa. Na pikapu ninayosema si gari, wewe unayechekacheka huko nyuma. Ni vile vipande viwili vya sumaku na waya vinavyokaa chini ya nyuzi. Ndivyo vinavyozisikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika. Vikifa, umebaki na ubao.

Bi Tatu, mjane wake, alitaka jambo moja tu: siku ya arobaini alisikie gitaa la mumewe, hata wimbo mmoja. Pikapu mpya zilizoagizwa Dar zikaja kubwa, hazikuingia kwenye matundu. Basi akasimama uani mbele ya watu wote, akasema, "Atakayelirudishia sauti yake, gitaa ni lake. Naapa, na marehemu ananisikia."

Mkude akazichukua pikapu zilizokufa. Akaziacha sumaku zake za zamani, akavua waya wote uliooza, akatafuta waya mwembamba kama unywele kwenye transfoma za redio mbovu. Akasuka upya: mizunguko elfu saba pikapu ya kwanza, elfu saba ya pili, anahesabu kwa mdomo. Waya ukakatika mara nne, na mara nne akaanza na moja. Mkewe alimsemesha yuko kwenye elfu tano, hesabu ikampotea, na nyumba ile haikukalika siku mbili.

Sikudhani akazipokea, akaziingiza tumboni mwa gitaa. Mle ndani hata vidole viwili havigeuki. Moto ukizidi, koili, yaani ule waya uliosukwa, imeungua na jasho la Mkude limekwenda bure. Ukipungua, lehemu haishiki. Aliunga viungo tisa. Kwenye cha saba chuma kikamgusa mkono, ngozi ikaungua, naye hakuutoa. "Ningeutoa ningeng'oa waya," aliniambia, na kovu analo.

Arobaini ikafika. Mpiga gitaa wetu wa pili akalishika. Lile gitaa lina swichi: unaweza kuwasha pikapu ya mbele, ya nyuma, au zote. Ya mbele ikaita. Ya nyuma ikaita. Vigelegele! Kisha akawasha zote mbili, maana Mzee Kobelo hakupiga kwa namna nyingine, na sauti ikanywea, ikawa nyembamba, ya puani, kama mtu mwenye mafua. Bi Tatu akajifunika uso kwa kanga.

"Huyu si Kobelo," akasema.

Mkude akamrukia Sikudhani. "Umeniunguzia koili!"

"Koili zako mbovu tangu huko! Mimi nimeunga kama ulivyoweka alama, mwanzo na mwanzo, mwisho na mwisho!"

Matusi yaliyofuata siyarudii, hapa kuna watoto.

Zakia akapiga meza kofi, vikombe vikaruka. "Nyamazeni! Kila moja peke yake ni nzima. Zikiwa pamoja zinauana. Kaka Mkude, umezisukaje?"

"Kama mota. Koili hii inakwenda kulia, jirani yake kushoto. Ndivyo zinavyosukwa."

"Hiyo ni mota, hili ni gitaa! Nimefunga spika za bendi hii miaka ishirini. Ukizipishanisha waya za spika moja, besi inakufa hivihivi. Moja inasukuma, mwenzake anavuta. Geuzeni waya za pikapu moja."

Sikudhani akawasha chuma, akageuza waya mbili, hata chai haijapoa. Swichi ikawekwa katikati, pikapu zote mbili. Gitaa likalia kama lilivyokuwa likilia, sauti nzito na tamu, na Bi Tatu akalia kwa sauti. Mimi pia nililia, na sioni haya.

Mngedhani yameisha. Thubutu! Mkude akashika shingo ya gitaa. "Bila koili zangu hapa kuna nini?"

"Koili ulizozikosea!" Sikudhani akalidaka kwa chini. "Bila mkono wangu zingekuwa bado kwenye bahasha!"

"Na mlipomaliza wote wawili," Zakia akasema, "Bi Tatu alisemaje? Alisema huyu si Kobelo. Nani alimrudisha?"

"Wewe umesema maneno mawili tu!" Sikudhani akamfokea.

"Ndiyo mliyokuwa hamna."

"Basi natoa koili zangu," Mkude akasema.

"Nami nayeyusha lehemu yangu."

Zakia akawatazama. "Mimi siwezi kutoa changu. Mmeshakisikia. Ndiyo maana mnaniona sikuleta kitu."

Bi Tatu akawanyang'anya, akalifungia gitaa sandukuni. "Niliapa kumpa mmoja. Mkishajua ni yupi, njooni."

Mwaka wa pili huu. Gitaa ni zima, limo gizani. Bi Tatu anaumwa, na juzi kaniambia anataka kulisikia mara moja tena kabla hajamfuata mumewe, ila kiapo hakivunji, na ufunguo haumtoki kiunoni.

Sasa usiniambie wagawane, gitaa si muhogo. Usiniambie wapokezane, maana hao watatu hawasalimiani hata msibani. Nawe uliyefungua mdomo kusema "Mungu ndiye ajuaye", ufunge. Mungu sikumuuliza, nimekuuliza wewe. Kesho asubuhi narudi Kimamba, na yule mama atanitazama mdomoni. Nimwambie ampe nani?