Basi Lenye Kitanda

Mtu mmoja alikuwa na basi kuukuu lisilobeba abiria. Aliitwa Ambokile, mwenyeji wa Tukuyu, na maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na mpaka wa Tunduma. Mkewe, Tusajigwe, alimlelea watoto, akamtunzia migomba, akamuuguzia wazazi wake mpaka wakazikwa. Ambokile alikuja nyumbani kama mvua ya kiangazi: anafurahiwa na wote, kisha hayupo. Msimdhanie vibaya. Hakuwa mlevi, wala hakuwa na nyumba ya pili huko njiani, ingawa majirani walimtafutia moja kwa bidii. Aliwatafutia watu wake riziki, na aliwapenda.

Alipostaafu alimuuliza mkewe anataka nini kwa miaka yote ile ya kungoja. Alidhani atataja duka, au mashine ya kusaga. Tusajigwe akasema anataka kuiona barabara iliyomchukua mumewe, aione kwa macho yake, wakiwa wawili. Kwa miaka mingi alikuwa akiisikia kwa maneno tu: baridi ya Makambako, misonobari ya Mafinga, nyani wanaokaa ukingoni Kitonga wakiwachungulia wapitao. Alitaka kujua mumewe alikuwa wapi wakati yeye alipokuwa peke yake. Zaidi ya hilo hakuomba kitu.

Ambokile aliguswa. Akanunua basi lililochoka, akang'oa viti, akaweka kitanda, meza, kabati, pipa la maji na jiko la gesi, akatundika mapazia ya maua. Alifanya yote kwa mikono yake, na kila ubao aliupiga randa hadi ukawa laini, usije ukamchoma mkewe. Majirani wakaliita konokono. Waacheni wacheke. Mimi nasema hakuna nyumba Tukuyu iliyojengwa kwa mapenzi mengi kuliko ile.

Wakaondoka alfajiri kwenda kumtembelea binti yao Atupele, aliyeolewa Morogoro. Atupele hakuwa amepewa siku. Aliambiwa tu kwamba watafika watakapofika. Tusajigwe alikuwa amevaa kitenge kipya, na maharage alikuwa ameyaloweka tangu usiku, ayapike mahali watakaposimama mchana. Akaketi kiti cha mbele, mikono mapajani, kama bibi harusi.

Walipofika Chimala, Tusajigwe aliomba wasimame kidogo. Ambokile akamwambia kwa upole kwamba mbele kuna pazuri zaidi, na ilikuwa kweli. Makambako aliomba ashuke aionje ile baridi. Mbele kuna pazuri zaidi. Mafinga misonobari ilipita, safu kwa safu, na mumewe alikuwa anatafuta nafasi ya kulipita lori la mbao. Hakuwa mkorofi. Mikono yake ilikuwa imefundishwa na mzigo, na kwa dereva wa mizigo kusimama ni hasara. Wakaishuka milima ya Kitonga, na nyani walikuwa wamekwisha kubaki nyuma kabla Tusajigwe hajamaliza kuwanyooshea kidole. Maharage yalikuwa yamevimba kwenye sufuria. Mama wa watu akaacha kuomba. Wenye ndoa mnajua maana yake.

Najua mnangoja niseme haraka haraka haina baraka. Sisemi. Hata Ambokile aliijua. Aliiandika kwa rangi nyekundu nyuma ya lori lake la kwanza.

Jua likielekea kuzama walifika Ruaha Mbuyuni, kwenye uwanja wa malori ambako alizoea kulala zamani. Akaegesha basi, kichwa kikiangalia barabara. Akashuka, akagonga matairi yote kwa kipande cha nondo, akakikagua kifuniko cha tangi la dizeli. Kisha akapanda tena, akakaa kwenye kiti chake cha dereva, akajifunika koti usoni, akalala hapo hapo, ameketi. Ndivyo wanavyolala watu wa mizigo, sikio likiwa kwenye tangi, maana mwizi wa dizeli hasinzii. Mazoea yana taabu, ndugu zangu. Nyuma yake kulikuwa na kitanda alichokitengeneza mwenyewe, kimetandikwa. Jiko lilikuwa limewashwa, maharage yanachemka hatimaye, na sahani mbili zilikuwa mezani. Hakukumbuka kabisa kwamba safari hii ana nyumba mgongoni.

Tusajigwe alimngoja. Mwanzo alidhani anajinyoosha tu. Aliposikia anakoroma, akaenda mbele na mwiko mkononi, na hasira alikuwa nayo. Lakini alipomwona, akasimama. Shingo imepinda, magoti yamebanwa na usukani, koti limeufunika uso wa mtu aliyempenda. Kumbe ndivyo alivyolala miaka yote ile. Huko nyumbani yeye alikuwa akijigeuza peke yake kwenye kitanda kipana, akidhani mwenzake huko aliko anastarehe. Machozi yakamtoka. Akamwekea mkono begani.

"Baba Atupele," akasema, "mimi si mzigo wa kufikishwa. Niliomba tusafiri."

Ambokile akafumbua macho. Akafungua kinywa ajibu kwamba mbele kuna pazuri zaidi, akajisikia mwenyewe, akakifunga. Akatazama kule nyuma, akaiona taa na meza. Aliona aibu, na aibu ile ilimfaa. Akachomoa ufunguo wa basi, akautia mkononi mwa mkewe. Halafu akainuka kwenda mezani, na kwa kuwa hakuwahi kupita mle kama mwenye nyumba, akajigonga kichwa kwenye kabati alilolipigilia mwenyewe. Tusajigwe akacheka. Naye akacheka, ameshika paji la uso. Wakacheka mpaka dereva wa lori la jirani akaja kuuliza kama kuna usalama. Wakamkaribisha, akala kidogo, akawashukuru, akaenda zake. Wao wakaendelea kukaa, na Ambokile akasimulia mambo ambayo hakuwahi kuyasimulia: siku alizoogopa, na siku alizolia akiwa peke yake njiani.

Asubuhi mwenye ufunguo aliamka alipotaka. Akanywa chai. Akasema wageuze. Wakaipanda tena Kitonga, wakaegesha mahali palipo salama, wakawatazama nyani mpaka nyani wenyewe wakachoka, wakaondoka. Siku hiyo hawakusogea hata hatua moja kuelekea Morogoro. Atupele aliwapokea siku nyingine kabisa, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Alisema tu kwamba baba yake amenenepa.

Ndugu zangu, ninyi mnaokimbia huku na huko kwa ajili ya watu wenu, ni lini mara ya mwisho mlikaa nao mezani mpaka chakula kikaisha?