Kamba ya Machupa

Hapo zamani, zamani ambayo mjane wake bado yu hai, mji mmoja ulikuwa na mamlaka ya maji taka. Aliyeshuka kwenye chemba kuzizibua alikuwa Machupa, mume wa Nyamizi.

Asubuhi moja chemba ya sokoni iliziba. Uchafu ukafurika hadi kwenye meza za mboga. Msimamizi Ngwale akasema, "Machupa, shuka."

"Bila kifaa cha kupumulia, bosi? Mle mna hewa inayoua."

"Watu wanakanyaga kinyesi, wewe unadai vifaa? Shuka!"

Machupa akakimbilia stoo. Vifaa vilikuwepo! Vipya, bado vimo kwenye nailoni! Lakini mtunza stoo, Bi Sikudhani, akagoma. "Mkurugenzi kasema visiguswe mpaka mgeni rasmi aje kuvizindua. Nikikupa, kazi sina."

Basi Machupa akafungwa kamba kiunoni, akashuka. Kamba ilishikwa na mwenzake, Zawose. Zawose naye akaifunga kwenye bampa ya gari, akaenda kunywa chai. Aliporudi akaita, "Machupa!" Kimya. Akavuta, kamba ikanasa. Akashuka mwenyewe, pua tupu, akambeba mwenzake mgongoni. Alitoka na maiti, na kifua chake hakikupona tena.

Mkaguzi wa usalama kazini akaja, akawahoji.

Ngwale akasema, "Niliamuru, ndiyo. Lakini kipindupindu kingewamaliza watoto wa sokoni."

Sikudhani akasema, "Nilimnyima, ndiyo. Lakini ufunguo ni wangu, amri si yangu."

Mkurugenzi akasema, "Nilizuia vifaa, ndiyo. Lakini mimi sikumtuma mtu shimoni."

Zawose akasema huku akikohoa, "Niliiacha kamba, ndiyo. Lakini kati yetu sote, nani mwingine alishuka kumfuata?"

Mkaguzi akaitoza mamlaka faini. Mkurugenzi akailipa kwa fedha ya umma, fedha yenu nyinyi! Kisha akamfukuza kazi mtu mmoja tu, Zawose. Kosa lake? Kuingia kwenye chemba bila kifaa!

Wafanyakazi wakatupa makoleo uani. "Hatushuki! Mwenye msiba ndiye aseme nani aondoke!"

Nyamizi akaletwa, kajifunga kaniki. Akasimama mbele ya wale wanne.

"Shemeji Zawose," akasema, "ungeishika kamba, leo nisingekuwa mjane. Lakini usingeshuka, ningezika nguo bila mwili." Akawageukia wengine. "Na nyinyi mnaniangalia usoni! Mmoja alisema shuka, mmoja alisema sikupi, mmoja alisema visiguswe. Nani kati yenu alisema, 'Machupa atakufa'?"

Nyamizi akainua mkono ili amnyooshee kidole mmoja wao.

Nyinyi mnaonisikiliza, msiniambie "wote", maana wote ni neno la kumficha mtu. Msimamizi, mtunza stoo, mkurugenzi, au mshika kamba: je, nani alistahili kidole kile?