Goti Halina Sikio

Goti halina sikio. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo baba yenu mdogo, mkacheka, sasa mnataka kujua neno hilo limetoka wapi. Mmeuliza panapostahili, maana siku lilipozaliwa nilikuwepo, nikipiga besi.

Bendi yetu ya Urambo ilikuwa imempata mpiga solo mpya, Ladislausi. Vidole vyake vilikuwa vitamu, ila alikuwa bado anajaribiwa. Kila tukipiga analalamika halisikii gitaa lake, anaongeza sauti. Mimi namezwa, nami naongeza. Mpiga ngoma naye akiona hivyo anatwanga kama ana ugomvi nazo. Siku ya harusi moja kiongozi wetu, Maftaha, mtu asiye na mzaha, akamwambia Ladislausi, "Leo ndiyo mara ya mwisho. Ukituharibia, beba gitaa lako uende." Naye alikuwa ameacha cherehani kwa ajili yetu, na mtaani walishaanza kumcheka. Nilimhurumia kweli.

Harusi ilikuwa ya mchana, uwanja mdogo. Kila mpiga gitaa spika yake iko chini, nyuma ya visigino vyake, na mbele yetu akina bibi wameketi mikekani. Wimbo wa kwanza tu, Ladislausi akageuka akaongeza sauti. Wa pili, akaongeza tena. Mara Bi Kalunde, bibi yake bwana harusi, akainua mkono. Tukanyamaza.

"Mjukuu wangu, gitaa lako linanitoboa masikio!"

"Nisamehe, bibi. Mimi mwenyewe silisikii."

"Hulisikii, na linalia hapo nyuma yako? Hebu njoo ukae hapa."

Maftaha alinuna, lakini nani angembishia bibi wa mwenye shughuli? Ladislausi akaketi mkekani na gitaa lake, sikio likawa usawa wa spika, akagusa nyuzi mbili tatu. Akashtuka, akaziba sikio.

"Umelisikia?"

"Nimelisikia, bibi. Kali mno!"

"Basi muda wote ulikuwa unayapigia magoti yako. Goti halina sikio, mjukuu wangu, hata ulipigie mpaka kesho."

Uwanja mzima ukacheka. Nami nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu kwa miaka sita nilikuwa nikiyatumbuiza magoti yangu. Tukaomba makreti ya soda, tukapandisha spika zetu juu yake, tukaziinamisha nyuma kidogo zitutazame usoni. Ladislausi akapunguza sauti kwa mkono wake mwenyewe. Nikapunguza. Mpiga ngoma akatulia. Jamani, raha niliyoipata siku ile! Kila mmoja alijisikia na kumsikia mwenzake, na wa kwanza kuinuka kucheza alikuwa Bi Kalunde.

Tulipokuwa tunafunga vyombo, Ladislausi alisimama kando akingoja hukumu. Maftaha hakumtazama.

"Kesho mazoezi saa nane," alisema. "Usichelewe."

Watu wa harusi wakaondoka na neno la bibi, nalo halijarudi mpaka leo. Baba yenu mdogo amefoka asubuhi nzima, akidhani haeleweki kwa kuwa sauti ni ndogo. Hajamtazama mama yenu usoni hata mara moja. Aongeze sauti apendavyo, wanangu, goti halina sikio.