Kwa Nini Sabuni Ikiepuliwa Haikorogwi

Msiguse chungu hicho, wajukuu zangu. Sabuni ikishaepuliwa haikorogwi, na anayetaka kujua sababu akae chini anisikilize.

Kuna wakati sabuni haikujua kuganda. Ilitoka motoni maji, ikabaki maji. Na Jumbe Senkondo, mlafi yule, alikuwa ametangaza kwamba kila kinachomiminika katika nchi ni chake: mto, maziwa, asali. Nakijwa, mjane aliyepika sabuni kwa maji ya majivu na mafuta ya nyonyo, kila alipoepua chungu watumishi wa jumbe walikimimina chote katika mitungi yao. Binti yake, Mbonea, upele ulikuwa umemla mwili mzima, na sabuni ya kumwogeshea hakuna.

Siku moja Nakijwa alikiepua chungu, akakiinamia, akasema na chembe za sabuni. Chembe hizo ni ndogo, jicho halizioni. Kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyachukia.

"Mko wengi kuliko watumishi wake," aliziambia kwa hasira. "Mbona mnakubali kumiminwa? Shikaneni!"

Chembe ziliona haya. Zikaelekezana mikia, vichwa vikabaki nje, zikapangana zikawa nyuzi. Nyuzi zikapishana zikawa wavu, na maji yote yakanaswa humo. Hakuna aliyezisuka, zilijisuka zenyewe.

Jumbe alipokuja, Nakijwa alikipindua chungu mbele ya watu. Halikudondoka hata tone.

"Kama ni chako, jumbe, kiambie kimiminike."

Watu waliangua kicheko. Jumbe alifura, akaamuru chungu kirudishwe motoni. Joto likaziachanisha chembe, sabuni ikawa maji, watumishi wakaimimina mitungini na kwenda zao. Lakini njia ya milimani ni ndefu na ina baridi. Walipofika barazani wakapindua mitungi, hakikutoka kitu. Chembe zilikuwa zimeshikana tena.

"Jumbe, hiki hakimiminiki," wazee wa baraza walisema. "Kwa amri yako mwenyewe, si chako. Kirudishe."

Kabla jua halijatua, Mbonea alikuwa ameogeshwa.

Na tangu siku hiyo sabuni ukiiyeyusha mara mia, itaganda mara mia, mradi isikorogwe inaposhikana. Ndiyo maana sisi wapika sabuni tunainyamazia ikipoa. Jumbe hatujamnyamazia hata mmoja.