Lango Lisilopigwa Mizinga

"Ngome huzuia mizinga, haizuii shaka." Methali hiyo mmeisikia leo barazani, wazee walipokuwa wakiwapatanisha wale ndugu wawili, na tangu hapo mnaniuliza nani aliyeisema kwanza. Aliyeisema alikuwa mama mmoja aliyefiwa. Sikilizeni ilivyokuwa.

Hapo kale, katika nchi ya Wajati, kwenye tambarare za kaskazini mwa Bara Hindi, alitawala mfalme aliyeitwa Birpal. Hakuzaliwa katika jumba la kifalme. Baba yake alilima ngano na haradali, na Birpal mwenyewe alilima nyuma ya maksai kabla hajashika upanga. Watoza ushuru wa mfalme mkuu, aliyezitawala nchi zote za huko, walipozidi kuwanyang'anya wakulima mifugo yao, yeye ndiye aliyewakusanya Wajati, wakawafukuza, nao wakamtawaza.

Akajenga ngome ya udongo. Wafalme wa jirani, wenye ngome zao za mawe, walimcheka. Lakini udongo ule ulichanganywa na makapi ya ngano na samadi, ukakandwa na kukanyagwa na wanawake wa kila kijiji mpaka ukashikana, na ukuta ulikuwa mpana kiasi cha mikokoteni kupishana juu yake. Tufe la mzinga likipiga jiwe, jiwe hupasuka. Likipiga ukuta wa Birpal, lilizama kama kidole kwenye unga uliokandwa.

Mfalme mkuu alimtuma jemadari wake, Daulat Beg, aje kuivunja ngome hiyo. Majira yakapita, mizinga ikanguruma kutwa, na ukuta ukabaki umesimama. Watu wakaanza kuimba nyimbo za kumsifu Birpal.

Ndipo Birpal alipoona jambo. Alikuwa akizunguka juu ya ukuta na wapiga mizinga wake, akihesabu mashimo ya kuziba. Mashariki mashimo, kusini mashimo, magharibi mashimo. Kaskazini, hakuna hata moja. Lango la kaskazini lilikuwa safi kama siku lilipomalizwa.

Lango hilo lililindwa na Nahar, mtoto wa baba yake mdogo. Walinyonya pamoja, walilima pamoja, na katika vita vya kwanza Nahar ndiye aliyemtoa Birpal chini ya farasi aliyeuawa.

"Labda upande ule una kinamasi," mkewe, Malika Phulwati, alimwambia alipoona hali chakula.

"Kinamasi kimekauka tangu kiangazi kilipoanza," alijibu Birpal.

Tangu siku hiyo moyo wake haukutulia. Alimtazama Nahar akicheka na askari, akajiuliza anachekea nini. Nahar alipoleta habari kwamba adui anahamisha ngamia wake, Birpal alijiuliza amezijuaje. Nahar alipokaa kimya barazani, kimya hicho kikawa hatia. Aliposema, maneno yakawa hila. Birpal aliweka mtu wa kumfuata. Mtu huyo akarudi akisema hakuona kitu. Badala ya kufarijika, mfalme alianza kumshuku yule mpelelezi pia.

Asubuhi moja, Daulat Beg akiwa mbele ya jeshi lake, alisogeza farasi hadi karibu na lango la kaskazini, akainamisha kichwa kama mtu anayemsalimu rafiki, kisha akageuka akaenda zake. Wote waliokuwa ukutani walimwona. Birpal naye alimwona.

Akamwita Nahar mbele ya machifu wote.

"Kwa nini adui hapigi lango lako?"

"Hata mimi najiuliza, kaka."

"Na salamu ile ilikuwa ya nani?"

"Muulize aliyeitoa. Mimi sikuiitikia."

"Wengine wote wamezika watu. Wewe hujazika hata mmoja."

"Kaka, unanilaumu kwa kuwa watu wangu wako hai?"

"Nipe upanga wako."

Machifu waliinamisha macho. Nahar aliuvua upanga pamoja na mkanda wake, akauweka miguuni pa Birpal. "Chukua, Mfalme," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza asimwite kaka. "Lakini ninaokaa nao pale langoni ni watu wa kijiji changu. Hawatamfuata mgeni."

Ikawa hivyo. Nahar alipopelekwa nyumbani kwa mama yake akiwa chini ya ulinzi, watu wake waliteremka ukutani mmoja mmoja, adui akiwaona, wakaenda kuketi nje ya nyumba hiyo. Birpal akaweka askari wengine langoni, watu wasiojua hata mianya ya kulengea shabaha ilipo.

Kesho yake jua lilipochomoza, mizinga yote ya Daulat Beg ilielekezwa kaskazini. Baada ya mizinga kupiga, wakaja tembo waliofungwa mabamba ya chuma vichwani, wakakimbilia lango. Walinzi wapya walitawanyika. Birpal alifika mbio akakuta mbao zinapasuka, adui wa kwanza wakiwa tayari ndani.

Kisha akasikia sauti anayoijua. Nahar alikuwa akija na watu wake, wameshika mashoka, miundu na miti ya mikokoteni. Hakuna aliyewaamuru, na waliomlinda Nahar hawakumzuia. Walipigana kwenye uwazi ule mwembamba mpaka adui akarudi nyuma, na lango likazibwa kwa magogo na udongo. Lakini Nahar alikuwa amelala chini, mkuki umempenya ubavuni.

Mateka mmoja aliletwa mbele ya mfalme, akaulizwa kwa nini lango lile halikupigwa siku zote hizo.

"Jemadari alitukataza," alisema. "Alisema ni hasara kuipoteza baruti kwenye lango la mlinzi kama Nahar. Mlinzi huyu tusingemweza sisi. Akasema mwacheni, Birpal mwenyewe atamwondoa."

Mfalme alivua viatu, akaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Dhapi, mama yake Nahar. Alimkuta ameketi kando ya mwili wa mwanawe, akimfuta vumbi usoni.

"Mama mdogo," alisema Birpal, akapiga magoti. "Nimemuua ndugu yangu."

Mama yule hakumfukuza wala hakumshika mkono. Mikono yake ilikuwa miongoni mwa ile iliyokanda udongo wa ukuta.

"Tulikujengea kwa nguvu zetu zote, mwanangu," alimwambia. "Ngome yako huzuia mizinga. Haizuii shaka."

Daulat Beg aliondoka mvua zilipoanza, na Birpal akatawala hadi uzeeni bila kushindwa. Nyimbo za ushindi wake zilikuwa nyingi, lakini wachache leo wanazikumbuka. Watu walilibeba neno la mama mfiwa, wakalipitisha kijiji hadi kijiji, mpaka likafika kwetu.

Kwa hiyo mkisikia mtu akimtenga nduguye kwa sababu adui hakumdhuru, mjue la kumwambia: ngome huzuia mizinga, haizuii shaka.